Nanga inapopotea njiani: kutatua matatizo ya alama ya # seva inapoelekeza upya

Mtu anabofya kiungo kinachoishia na `/mwongozo#malipo`. Ukurasa unafunguka, lakini badala ya kufikishwa kwenye maelezo ya malipo anaachwa juu kabisa, mbele ya utangulizi asiouhitaji, na pengine hata hiyo `#malipo` imekwisha kutoweka kwenye upau wa anwani. Malalamiko ya aina hii huja kwa mkupuo kila tovuti inapobadilishiwa kikoa, inapohamishwa kutoka HTTP kwenda HTTPS, au kurasa zake zinapopangwa upya, na mara nyingi lawama hutupiwa seva, ambayo haikuwahi kuiona `#malipo` hata mara moja. Katika maelezo haya, sehemu ya anwani inayoanzia kwenye alama ya reli nitaiita nanga, kwa kuwa ndiyo inayoamua ukurasa utatulia wapi.

## Jambo la kuelewa kabla ya kugusa usanidi

Kivinjari kinapoomba ukurasa, huikata nanga na kubaki nayo. Kinachotumwa kwa seva ni njia ya ukurasa na vigezo vinavyofuata alama ya kuuliza, basi. Seva ikijibu kwa msimbo wa 301, 302, 303, 307 au 308, yaani ikimwelekeza upya msomaji kwenye anwani nyingine, jibu hilo hubeba heda (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) ya `Location` yenye anwani mpya, na hapo kivinjari hufuata kanuni moja: ikiwa anwani iliyomo kwenye `Location` haina nanga, kivinjari huibandika mwishoni mwake ile nanga kilichobaki nayo; lakini ikiwa `Location` ina nanga yake, hiyo ndiyo inayoshinda, na ile ya awali hutupwa.

Kanuni hii haikuwa wazi tangu mwanzo. Waraka wa RFC 2616 wa mwaka 1999 (RFC ni nyaraka zinazoeleza viwango vya intaneti), ulioeleza HTTP 1.1 kwa miaka mingi, haukusema kivinjari kifanye nini na nanga wakati wa kuelekezwa upya, ndiyo maana vivinjari vya enzi hizo vilitofautiana: Internet Explorer 9 iliiacha nanga njiani wakati vingine viliibeba, na toleo la 10 ndilo lililoungana na wenzake. RFC 7231 ya Juni 2014 ikaiandika kanuni hiyo waziwazi, na RFC 9110 ya Juni 2022 ikaidumisha. Kwa hiyo ukiwa na kivinjari cha kisasa na seva inayoelekeza kwa HTTP, nanga inapaswa kufika salama bila wewe kufanya lolote. Isipofika, kuna mahali kwenye safari ambapo kivinjari kilinyang'anywa. Swali la kujiuliza kwenye kila dalili iliyo hapa chini ni hili: kwa hatua hii, nani ameishika nanga?

Ukaguzi wa kwanza ni wa dakika moja na hauharibu chochote. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), uandike:

`curl -s -o /dev/null -D - 'https://example.com/mwongozo'`

Amri hii inakuonyesha heda za jibu bila kufuata uelekezaji. Tazama mambo mawili: msimbo wa hali kwenye mstari wa kwanza, na maandishi kamili ya `Location`, herufi kwa herufi. Wengi hutumia `curl -I`, lakini amri hiyo hutuma ombi la HEAD, linaloomba heda tu, na zipo seva zinazolijibu tofauti na ombi la kawaida la GET, kwa hiyo ni salama zaidi kutumia amri ya hapo juu. Kama `Location` inakupeleka kwenye anwani nyingine inayoelekeza tena, irudie amri kwa anwani hiyo mpaka ufike kwenye jibu la 200 (ukurasa umepatikana), ukiandika kila hatua pembeni. Usipoteze muda kuitafuta nanga kwenye kumbukumbu za seva, kwa sababu haimo, wala haimo kwenye heda ya `Referer`, inayotaja anwani alikotoka msomaji. Ukiona `%23` kwenye kumbukumbu hizo, basi umekutana na tatizo jingine kabisa, ambalo nimelieleza chini.

## Dalili: ukurasa mpya unafunguka juu kabisa na nanga haipo kwenye upau wa anwani

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kwamba aliyeelekeza si seva. Ukiona kwenye `curl` kwamba anwani ya zamani inarudisha 200 badala ya moja ya misimbo inayoanza na 3, basi ukurasa wenyewe ndio unaomhamisha msomaji, ama kwa `<meta http-equiv="refresh">` ama kwa skripti. Kanuni ya kurithi nanga inahusu uelekezaji wa HTTP peke yake. Ukurasa unapojihamisha wenyewe, kivinjari huhesabu hilo kuwa safari mpya yenye anwani yake kamili, na nanga ya zamani haibandikwi popote. Hili hutokea sana kwenye huduma za kuhifadhi tovuti zisizomruhusu mtumiaji kugusa usanidi wa seva, ambako njia pekee iliyobaki ni kuacha faili dogo la HTML kwenye anwani ya zamani.

Ikiwa unaweza kuweka uelekezaji wa kweli wa seva, weka huo na ufute faili hilo. Ikiwa huwezi, basi skripti ya kwenye faili hilo iibebe nanga kwa mkono, pamoja na vigezo:

`location.replace('/mpya/mwongozo' + location.search + location.hash);`

Mpangilio wa vipande hivyo viwili ni wa lazima. Vigezo hutangulia, nanga hufuata. Ukivigeuza, vigezo vyote vitamezwa na nanga na seva haitaviona. Nimetumia `location.replace` kwa makusudi, kwa sababu haiachi ukurasa wa zamani kwenye historia ya kivinjari, na msomaji akibonyeza kitufe cha kurudi hatarushwa tena mbele kila mara. Ule mstari wa `meta` unaweza kubaki kwa ajili ya wasomaji waliozima JavaScript, lakini uuweke ndani ya `<noscript>`, vinginevyo hizo njia mbili zinaweza kushindana.

Sababu ya pili ni huduma za katikati, hasa viungo vya barua pepe vinavyopitishwa kwenye anwani ya kuhesabu mibofyo kabla ya kumfikisha msomaji anakokwenda. Tazama kiungo hiki kwa karibu:

`https://hesabu.example/k?u=https://example.com/mwongozo#malipo`

Aliyekiunganisha alidhani `#malipo` ni sehemu ya anwani ya ndani. Kwa kivinjari, nanga hiyo ni ya kiungo kizima, kwa hiyo huduma ya kuhesabu hupokea `u=https://example.com/mwongozo` tu. Kama huduma hiyo inaelekeza kwa 302, kivinjari huirudisha nanga mahali pake, na mambo yanakwenda sawa kwa bahati. Siku huduma hiyo inapoamua kuonyesha ukurasa wa kati wenye skripti, nanga zote zinapotea kwa mara moja, na hakuna mtu upande wako aliyebadilisha chochote. Tiba ni kuisimba anwani ya ndani yote kabla ya kuiweka kama kigezo, ili `#` iwe `%23` na isafiri hadi kwenye huduma yenyewe.

Sababu ya tatu ni hatua ya kuingia kwa nenosiri. Ina mengi ndani yake, nami nimeitengea nafasi yake.

Mwisho kabisa ni vivinjari vya zamani sana, pamoja na baadhi ya vivinjari vilivyomo ndani ya programu za simu. Usianze hapa. Jaribu kiungo hichohicho kwenye kivinjari kamili cha kisasa kabla ya kulaumu simu ya mtu.

## Dalili: nanga ipo kwenye upau wa anwani, ila ukurasa haushuki

Hapa uelekezaji umefanya kazi yake. Acha seva, usiguse faili lake la usanidi kama `.htaccess`, na uhamie kwenye ukurasa wenyewe. Fungua konsoli ya kivinjari ukiwa kwenye ukurasa husika, uandike:

`document.getElementById(decodeURIComponent(location.hash.slice(1)))`

Jibu likiwa `null`, hakuna kitu chenye `id` hiyo, yaani jina ambalo nanga hulitafuta, kwenye ukurasa kwa sasa. Mara nyingi chanzo ni kichwa cha habari kilichohaririwa: mifumo mingi ya kuchapisha hutengeneza `id` kutokana na maneno ya kichwa, kwa hiyo kichwa cha "Malipo" kikibadilishwa kuwa "Malipo na marejesho", `id` nayo inakuwa `malipo-na-marejesho`, na viungo vyote vya zamani vinabaki hewani. Usikimbilie kurudisha kichwa cha zamani. Weka `<span id="malipo"></span>` mara kabla ya kichwa kipya, na anwani zote mbili zitafanya kazi. Angalia pia herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa `#Malipo` na `#malipo` ni vitu viwili tofauti, hata kama seva yako haizitofautishi kwenye njia ya ukurasa.

Ikiwa konsoli inakuonyesha kipengele hicho lakini ukurasa ulibaki juu, inaelekea maudhui yaliletwa na JavaScript baada ya kivinjari kumaliza kusoma HTML. Kivinjari huitafuta `id` wakati ukurasa unapopakiwa. Kipengele kikiingizwa baadaye, hakuna anayerudi kukitafuta. Skripti inayoingiza maudhui ndiyo yenye jukumu la kumalizia kazi hiyo kwa kuita `scrollIntoView()` juu ya kipengele hicho mara tu inapokiweka.

Yapo pia malalamiko madogo yanayofanana na haya. Ukurasa unashuka lakini kichwa cha sehemu kimejificha chini ya upau uliogandishwa juu: ongeza `scroll-margin-top` kwenye vichwa, kwa kimo kinacholingana na upau huo. Ukurasa unashuka mahali sahihi kisha unasukumwa: picha zilizo juu hazikuandikiwa `width` na `height`, kwa hiyo zinapofika zinasogeza kila kitu. Kipengele kimo ndani ya kichupo kilichofichwa kwa CSS: kivinjari hakiwezi kushuka kwenye kitu kisicho na nafasi kwenye ukurasa, na skripti ya vichupo haina budi kukifungua kwanza. Na ikiwa kubofya `#malipo` kwenye jedwali la yaliyomo kunamtupa msomaji kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti, tafuta `<base href="/">` kwenye HTML; kipengele hicho hubadilisha hata viungo vyenye nanga peke yake, navyo husomwa kama `/#malipo`.

## Dalili: kila msomaji anatua sehemu ileile, bila kujali kiungo alichobofya

Rudi kwenye `curl` na uisome `Location`. Karibu kila mara utaikuta ina nanga yake. Mtu aliandika kanuni ya kupeleka `/mwongozo` kwenye `/msaada#utangulizi` akitaka wasomaji waanze vizuri, na kwa kufanya hivyo akafuta nanga za wasomaji wote waliokuja na zao. Kwa kanuni niliyoieleza mwanzoni, aliyebofya `/mwongozo#malipo` anafikishwa `/msaada#utangulizi`, na hakuna jinsi ya kuirejesha `#malipo`, kwa kuwa kivinjari kimekwisha kuitupa kihalali.

Uelekezaji ukiwa na hatua tatu au nne, kagua kila hatua kivyake. Hatua yoyote yenye nanga hufuta ya nyuma yake, na hatua zinazofuata hurithi hiyo mpya. Mara nyingi mkosaji ni kanuni ya miaka mingi iliyosahaulika katikati ya mlolongo. Ondoa nanga kwenye `Location` hiyo na uache ukurasa wa `/msaada` uanzie juu wenyewe. Ukiwa hapo, fupisha mlolongo wote uwe hatua moja. Kiwango cha Fetch kinachofuatwa na vivinjari huruhusu hatua 20 tu kabla ya kukata tamaa, na hata hatua tano tayari ni uchelewaji anaouhisi mtu mwenye mtandao hafifu.

## Dalili: ukurasa haupatikani, na anwani ina `%23`

Seva ilikusudia kutuma nanga, lakini njiani alama ya reli ikasimbwa ikawa `%23`. Kwa kivinjari `%23` si nanga tena, ni herufi ya kawaida ndani ya jina la faili, kwa hiyo kinaomba faili liitwalo `huduma#bei`, nalo halipo.

Kwenye Apache, mojawapo ya programu za seva, chanzo cha kawaida ni `RewriteRule` isiyo na bendera ya `NE`. Moduli ya `mod_rewrite` husimba herufi maalumu kwenye matokeo yake usipoizuia, kwa hiyo mstari sahihi ni huu:

`RewriteRule ^bei$ /huduma#bei [R=302,L,NE]`

Kwenye nginx, programu nyingine ya seva, `return 302 "/huduma#bei";` inatosha, na alama za nukuu zinakuepusha na utata wowote kuhusu `#`, ambayo kwenye faili za nginx huanzisha maelezo ya pembeni. Kwenye programu ulizoandika mwenyewe, tafuta mahali ambapo anwani nzima imepitishwa kwenye `encodeURIComponent` au kazi inayofanana nayo kabla ya kuwekwa kwenye `Location`. Kazi hiyo ni ya kusimba thamani ya kigezo kimoja, si anwani nzima.

Utaona nimeandika 302 badala ya 301. Jaribu kwa 302 kwanza mpaka uridhike. Kivinjari hukumbuka jibu la 301 kwa muda mrefu, na kosa ulilolijaribu kwa dakika mbili linaweza kubaki kwenye vivinjari vya watu baada ya wewe kulisahihisha.

Kabla ya kuwasha upya seva inayotumika na watu, tengeneza nakala ya faili la usanidi, kisha endesha `apachectl configtest` au `nginx -t`. Ikiwa amri hizo zinatoa kosa usilolielewa, rudisha nakala na umwite msimamizi wa seva. Kosa la mabano kwenye faili hilo linaweza kuangusha tovuti nzima, si nanga moja tu.

## Dalili: kanuni ya seva inayotafuta `#` hailingani na ombi lolote

Dalili hii ndiyo inayowachosha watu kuliko zote. Ukurasa mmoja mrefu umegawanywa kuwa kurasa kumi ndogo, na mtunzaji wa tovuti anataka `/mwongozo#malipo` ipelekwe `/mwongozo/malipo`, na `/mwongozo#usajili` ipelekwe `/mwongozo/usajili`. Anaandika kanuni kumi kwenye seva. Hakuna hata moja inayofanya kazi.

Katika tovuti moja niliyoombwa kuikagua baada ya kuhamishwa, nilikuta kanuni za namna hiyo zimepangwa kwa uangalifu mkubwa, kila moja na maelezo yake, na zilikuwa zimekaa kwa miezi zikisubiri alama ambayo haiwezi kufika. Aliyeziandika hakuwa mzembe. Hakuambiwa tu kwamba kwa seva, anwani zote kumi ni anwani moja: `/mwongozo`. Hakuna bendera, hakuna moduli na hakuna huduma ya usambazaji wa maudhui itakayobadilisha hilo, kwa sababu taarifa yenyewe haiondoki kwenye kifaa cha msomaji.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na kivinjari peke yake, na tunaweza kukisaidia kwa kutumia kanuni ya urithi kwa faida yetu. Iache seva ielekeze `/mwongozo` kwenda `/mwongozo/`, ambao sasa ni ukurasa wa orodha. Nanga itasafiri nayo, na msomaji atafika `/mwongozo/#malipo`. Kwenye `<head>` ya ukurasa huo, mapema kabisa, weka ramani:

```
const ramani = {
  '#malipo': '/mwongozo/malipo',
  '#usajili': '/mwongozo/usajili'
};
const kwenda = ramani[location.hash];
if (kwenda) location.replace(kwenda);
```

Orodhesha nanga zote zilizokuwapo kwenye ukurasa wa zamani, siyo zile unazozikumbuka tu. Zitoe kwenye nakala ya HTML ya zamani kwa kutafuta kila `id`. Na usifupishe kazi kwa kuandika skripti inayochukua chochote kilichomo kwenye nanga na kukigeuza kuwa anwani. Skripti ya namna hiyo humwezesha mtu mwenye nia mbaya kutengeneza kiungo chenye jina la tovuti yako kinachompeleka msomaji anakotaka yeye. Ramani iliyoandikwa kwa mkono haina mlango huo.

Kwa msomaji aliyezima JavaScript, ukurasa wa orodha wenyewe uwe na viungo vinavyoonekana, na hata unaweza kuvipa viungo hivyo `id` za zamani, ili kivinjari kimshushe hadi kwenye kiungo sahihi naye abofye. Nilipoifanya hivyo kwenye tovuti hiyo, viungo vya zamani vilivyokuwa vimechapishwa kwenye vijitabu vya karatasi, ambavyo hakuna awezaye kuvihariri, vilianza kufanya kazi tena.

Viungo vinavyonukuu maneno, vile vyenye `#:~:text=`, haviwezi kutibiwa hivi. Kivinjari huificha sehemu hiyo isionekane na skripti, kwa hiyo `location.hash` haitaionyesha, na ukurasa unaojihamisha kwa skripti huipoteza. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea uelekezaji wa seva popote unapowezekana.

## Dalili: nanga hupotea msomaji anapolazimika kuingia kwanza

Fuatilia safari hatua kwa hatua. Msomaji anafungua `/ripoti#robo-ya-pili`. Seva inaona `/ripoti`, inagundua hajaingia, na inamwelekeza `/ingia?rudi=/ripoti`. Kivinjari kinaibandika nanga, na upau wa anwani unaonyesha `/ingia?rudi=/ripoti#robo-ya-pili`. Mpaka hapo nanga ingali hai. Anaandika nenosiri, anabonyeza kitufe, na fomu inatumwa kwa `/ingia`, anwani iliyoandikwa ndani ya HTML bila nanga yoyote. Nanga inafia hapo. Seva inamrudisha `/ripoti`, lakini kivinjari hakina tena cha kubandika.

Kwa fomu iliyo kwenye tovuti yako mwenyewe, mstari mmoja kwenye ukurasa wa kuingia huponya hali hii:

`fomu.action = '/ingia' + location.hash;`

Sasa ombi la fomu lina nanga. Seva haiioni, kama kawaida, lakini inapojibu 302 au 303 kwenda `/ripoti`, kivinjari kinairithisha. Hakikisha tu kwamba thamani ya `rudi` inatumwa kwenye fomu kama sehemu iliyofichwa, na kwamba seva inakubali njia za ndani ya tovuti pekee.

Ikiwa kuingia kunapitia kikoa kingine cha utambulisho, mstari huo hautoshi, na hapa ndipo pa kusimama na kumwita anayehusika na usalama wa mfumo. Urithi wa nanga hauangalii kikoa. Seva yako ikimwelekeza msomaji kwenye kikoa kingine bila nanga kwenye `Location`, nanga yake huenda naye, na skripti za huko zinaweza kuisoma. Kwa `#robo-ya-pili` pengine hakuna hasara. Kwa tokeni ya kuingilia, yaani msimbo unaompa aliye nao ruhusa ya kuingia, ni hatari ya kweli. Njia moja iliyomo kwenye OAuth 2.0 (utaratibu wa kuzipa programu ruhusa kwa tokeni), RFC 6749 ya Oktoba 2012, hurudisha tokeni ndani ya nanga. Ukurasa unaoipokea ukiwa na tabia ya kuelekeza upya kwenda anwani yoyote inayotajwa kwenye kigezo, tokeni hiyo hubebwa hadi kwa mgeni. RFC 9700 ya Januari 2025 inaeleza shambulio hili na kushauri njia hiyo isitumike tena kwa kawaida. Kwa hiyo ukiona `access_token=` au kitu kinachofanana nacho baada ya `#` kwenye upau wa anwani, usirekebishe kwa kujaribujaribu, usipige picha ya skrini ukaituma kwa wenzako, na usibandike anwani hiyo kwenye ombi la msaada.

## Dalili: nanga ya zamani inang'ang'ania pasipotakiwa

Kinyume cha yote yaliyotangulia. Programu ya zamani ilitumia nanga kama njia zake za ndani, mfano `#/watumiaji/5`, na sasa nanga hiyo inaingia kwenye programu mpya na kuifungua mahali pasipofaa, au inaonekana tu kwenye ukurasa wa kuagana baada ya mtu kutoka. Kivinjari hapa kinatii kanuni. Ili kukizuia, `Location` ipewe nanga tupu: `/karibu#`. Nanga tupu inahesabika kuwa nanga, kwa hiyo ya zamani hairithiwi. Alama ya `#` itabaki mwishoni mwa anwani. Ikikuudhi, skripti ya ukurasa mpya inaweza kuifuta kwa `history.replaceState(null, '', location.pathname + location.search)`.

Mbinu hii inafaa kuwa desturi kwenye kila jibu linalompeleka mtu nje ya kikoa chako kutoka kwenye ukurasa unaopokea tokeni, hata kama hakuna aliyelalamika.

## Dalili: kwangu inafanya kazi, kwa mwenzangu haifanyi

Mara nyingi mmoja wenu anatumia 301 iliyohifadhiwa kwenye akiba ya kivinjari. Akiba hiyo haitofautishi nanga: `Location` ya zamani yenye `#utangulizi` itatumika kwa kila kiungo cha ukurasa huo, na seva haitaulizwa tena. Fungua dirisha la faragha ujaribu. Ikifanya kazi huko, fungua zana za wasanidi, zima akiba kwenye sehemu ya mtandao, pakia upya, na uwashe pia chaguo la kuhifadhi kumbukumbu ili hatua zote za uelekezaji zibaki mbele yako badala ya kufutwa kila ukurasa unapobadilika. Kwa wasomaji ambao huwezi kufika kwenye vivinjari vyao, weka `Cache-Control: max-age=3600` kwenye majibu yako ya 301 kuanzia sasa; hiyo haitaponya walichokwisha kukihifadhi, ila kosa lijalo halitaishi zaidi ya saa moja.

Ikiwa dirisha la faragha nalo linatofautiana kati yenu, linganisheni matokeo ya `curl` kutoka kwenye mitandao yenu miwili. `Location` zikitofautiana, kuna proksi (seva ya katikati) au huduma ya usambazaji yenye kanuni zake mbele ya seva yako, na mwenye funguo za huduma hiyo ndiye wa kumpelekea hayo matokeo mawili, yakiwa na heda zote na saa mliyojaribu.